Vitafunio vya haraka na salama kwa sherehe ya chekechea

BARUA ya mwalimu aghalabu huja kwa kuchelewa. Mzazi hufungua daftari la mwanawe Jumatano jioni na kupata maneno mawili matatu: kwamba Ijumaa darasa litafanya sherehe ya kufunga mwaka kabla ya likizo ya Desemba, na kila mtoto anaombwa aje na kitu cha kula pamoja na wenzake.

Kwa mzazi aliyefika nyumbani saa moja usiku akiwa amechoka, njia nyepesi ni kupitia dukani na kununua pakiti ya peremende na chupa za soda. Wengine hukimbilia kashata za njugu, bisi au mabuyu, vitu ambavyo wao wenyewe walivifurahia utotoni.

Hata hivyo, watoto wa chekechea ni wa umri wa miaka minne na mitano tu. Swali la kwanza ambalo mzazi anafaa kujiuliza si iwapo watapenda kilichoandaliwa, bali iwapo wataweza kukitafuna na kukimeza salama huku wakicheka na kusukumana. Jambo la kutia moyo ni kwamba vitafunio vinavyotimiza sharti hilo vinaweza kuandaliwa nyumbani kwa muda usiozidi saa moja, na kwa gharama ndogo.

Kwa nini njugu na bisi zisubiri

Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba mno, na hajawa stadi wa kusaga chakula kigumu. Kitu kidogo, kigumu au cha mviringo kinaweza kuteleza kabla hajakitafuna na kuziba pumzi yake.

Ndiyo maana wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba mtoto asipewe njugu nzima hadi atimize miaka mitano, na bisi hadi apite miaka minne. Peremende ngumu zimo katika orodha hiyo hiyo. Mabuyu nayo, licha ya utamu wake, yana mbegu ngumu ndani ambayo mtoto hutakiwa kuifyonza na kuitema, kazi isiyomfaa mtoto wa miaka minne aliye katikati ya mchezo.

Zabibu na soseji si lazima ziachwe kabisa, ila zikatwe kwa urefu. Zabibu moja igawanywe mara nne. Soseji iliyokatwa vipande vya mviringo ni hatari kwa kuwa kipande hicho kinaweza kukaa kooni mithili ya kizibo cha chupa.

Sukari nayo ihesabiwe. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri mwaka wa 2016 kwamba mtoto wa kuanzia miaka miwili asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani takriban vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 inaweza kukipita kiwango hicho peke yake, kabla mtoto hajaonja keki.

Vifuatavyo ni vitafunio vinne vinavyoweza kulitosha darasa la watoto wapatao 30, kila mmoja akionja kimoja kimoja.

Biskuti za siagi

Mahitaji: unga wa ngano gramu 300 (takriban vikombe viwili na nusu), siagi gramu 200, sukari gramu 100 (nusu kikombe) na iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai.

Piga siagi na sukari kwa mwiko hadi mchanganyiko uwe laini. Tia iliki, kisha unga kidogo kidogo huku ukikanda mpaka donge lishikamane. Usiongeze maji. Sukuma donge liwe na unene wa nusu sentimita, kisha ukate maumbo kwa mdomo wa glasi ndogo. Mwachie mwanao kazi hiyo ya kukata. Ataingia darasani akijivunia biskuti alizozitengeneza kwa mikono yake.

Oka katika joto la nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15, mpaka kingo zianze kugeuka rangi ya dhahabu. Asiye na joko atumie sufuria nzito yenye kifuniko bapa: makaa machache chini, mengi kidogo juu ya kifuniko. Achungulie mara kwa mara, kwa kuwa moto wa makaa hauna kipimo. Biskuti hizi hazina yai, na zinaweza kuokwa siku mbili kabla ya sherehe na kuhifadhiwa katika mkebe uliofungwa vyema.

Vichapati vya ndizi

Mahitaji: ndizi mbivu mbili kubwa, mayai mawili, unga wa ngano unaojiumua kikombe kimoja na nusu, maziwa kikombe kimoja na mdalasini kidogo.

Ponda ndizi kwa uma hadi zilainike kabisa. Changanya na mayai na maziwa, kisha utie unga na mdalasini. Pasha kikaango kilichopakwa mafuta kidogo na umimine kijiko kimoja cha mezani kwa kila kichapati. Viputo vikianza kutokea juu, geuza. Utapata vichapati kama 30 vya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Sukari haihitajiki, kwani ndizi iliyoiva hadi ganda likaingia madoa ina utamu wa kutosha. Vipike asubuhi ya siku ya sherehe ili vibakie laini.

Kashata laini za nazi

Mahitaji: nazi iliyokunwa vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, maziwa nusu kikombe na iliki kidogo.

Weka vyote katika sufuria juu ya moto wa wastani na ukoroge bila kupumzika kwa dakika 10 hadi 15, hadi mchanganyiko uanze kujitenga na sufuria. Mimina katika sinia iliyopakwa mafuta, usawazishe, na ukate vipande vidogo kabla havijapoa. Ukitaka rangi ya sherehe, tia kijiko kimoja cha maji ya kiazisukari katika nusu ya mchanganyiko nayo itakuwa ya waridi.

Siri ni kuepua mapema. Kashata iliyokaa motoni kupita kiasi hugeuka kuwa ngumu. Aidha, watoto wasikaribie jiko wakati huu, kwa sababu sukari inayochemka huunguza kuliko maji. Kwa kuwa hiki ndicho kitamu chenye sukari nyingi zaidi mezani, kipande kimoja kwa kila mtoto kinatosha.

Vikombe vya matunda

Msimu wa sherehe hizi huja wakati maembe yanapoanza kujaa masokoni. Kata embe, papai, ndizi na tikiti maji lililotolewa mbegu katika vipande vidogo, unyunyizie maji ya ndimu ili ndizi zisibadilike rangi, na ugawe katika vikombe vidogo. Vijiti vya kuchomekea matunda viachwe nyumbani. Ncha zake hazifai mikononi mwa watoto wanaokimbia.

Kwa kinywaji, maji safi au maziwa yanatosha.

Kabla ya kufunga mkebe

Kwanza, muulize mwalimu kama kuna mtoto anayedhuriwa na chakula fulani. Mayai, maziwa, ngano na njugu ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru watoto wengine, na njugu chache tu zinaweza kumfanya mtoto ashindwe kupumua. Bandika karatasi juu ya mkebe ukiorodhesha kila kilichotumika.

Pili, kumbuka kwamba darasa moja huwa na watoto wa dini mbalimbali. Epuka mafuta ya nguruwe, na peremende laini zenye jelatini isiyojulikana asili yake, ili pasiwe na mtoto atakayeketi kando akiwatazama wenzake wakila.

Tatu, Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa mahali pa baridi. Biskuti zinaweza kuvumilia. Vichapati na matunda yaliyokatwa haviwezi. Mkabidhi mwalimu mapema na umwombe vitangulie kuliwa.

Nne, watoto wale wakiwa wameketi, na mtu mzima awe nao. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mhimize aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele na umpige mara tano kwa kitanga cha mkono katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute ndani na kuelekea juu mara tano, kisha urudie zamu hizo huku mwingine akitafuta msaada wa daktari. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Huenda maelezo hayo yakaonekana mazito kwa sherehe ya saa mbili. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto 30 hawezi kumtazama kila mtoto kila dakika. Kazi kubwa ya kuwalinda huanzia jikoni, usiku wa kuamkia sherehe, kwa mzazi anayeamua nini kitiwe katika mkebe na kikatwe kwa ukubwa gani.