Nyuzi, Sumaku na Watu: Sayansi ya Kuyatunza Magitaa ya Zamani

Tuseme mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari iliyo jirani na Mabatini, jijini Mwanza, ameletewa gitaa la umeme lililokaa stoo miaka arobaini. Mti wake haujaliwa na wadudu, lakini nyuzi zimeota kutu, na likiunganishwa na kikuza sauti halitoi hata mlio. Je, chombo hicho kimekufa?

Fizikia hulijibu swali hilo nusu tu. Nusu ya pili imo vichwani mwa watu: aliyelipiga gitaa hilo, aliyelitengeneza lilipoharibika, na wengine wenye magitaa ya aina hiyo. Makala haya yanaeleza nusu zote mbili. Mfano wetu mkuu utakuwa gitaa la chuma la pedeli, chombo kilichokulia Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna chombo kinachoonyesha sheria za uzi kwa uwazi kuliko hicho. Pili, wenye magitaa hayo ya zamani wamejenga jumuiya ambayo ina fundisho kwetu.

SHERIA YA UZI

Uzi uliokazwa baina ya ncha mbili hutoa sauti kwa kutetema. Idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi, hutegemea mambo matatu: urefu wa uzi, mkazo wake, na tungamo ya kila mita ya uzi huo. Padri Marin Mersenne wa Ufaransa aliyaeleza mambo hayo kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1636. Leo tunaandika hivi:

f = (1/2L) × √(T/m)

Hapa f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, L ni urefu kwa mita, T ni mkazo kwa nyutoni, na m ni tungamo kwa kila mita. Ukiugawa urefu kwa mbili, sauti hupanda oktava moja. Lakini ukitaka kupanda oktava moja kwa kukaza tu, ni lazima mkazo uwe mara nne, kwa kuwa mkazo umo ndani ya kipeuo cha pili.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria waliitumia sheria hii kabla haijaandikwa ubaoni. Nanga ya Wahaya na ya Wakerewe ni ubao uliochongwa mfano wa kihori, na kamba moja ndefu hupitishwa huku na huku katika pengo za ncha zake mbili. Jicho huona nyuzi nyingi, kumbe ni kamba moja. Msuguano katika pengo huzuia mkazo usisambae, hivyo kila kipande cha kamba huweza kuwa na mkazo wake na sauti yake.

GITAA LILILOLAZWA

Jina la gitaa la chuma halitokani na mwili wake, bali na kipande cha chuma anachokishika mpigaji. Gitaa hulazwa mapajani au juu ya miguu yake yenyewe, na chuma hicho huteleza juu ya nyuzi badala ya vidole kuzibana. Kwa kuwa chuma huweza kusimama popote, L hubadilika bila vituo, na sauti hupanda na kushuka kama sauti ya mwimbaji. Mtindo huo unatokana na visiwa vya Hawaii, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyeanza kuutumia akiwa kijana mnamo mwaka 1889.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kwa wingi halikuwa lile la kuvaliwa begani. Lilikuwa gitaa la kulazwa mapajani, lililobuniwa na George Beauchamp na kuuzwa kuanzia mwaka 1932. Kwa hiyo kila gitaa la umeme lililopigwa katika kumbi za dansi za Mwanza lina nasaba na chombo hicho cha kulala.

Udhaifu wa kipande cha chuma ni kwamba kimenyooka. Hugusa nyuzi zote kwa mstari mmoja, hivyo sauti zote hupanda au kushuka pamoja. Mafundi walitafuta njia ya kubadili uzi mmoja bila kuigusa mingine, wakaiona katika T. Walifunga pedeli chini ya gitaa. Mguu ukikanyaga, ufito huvuta wenzo mdogo, na wenzo huo huukaza uzi uliochaguliwa hadi kwenye skrubu ya kikomo. Mwaka 1954 wimbo mmoja wa Webb Pierce, ambamo Bud Isaacs alikanyaga pedeli huku nyuzi zikiendelea kulia, uliwafanya wapigaji wengi watamani chombo hicho.

Kila mwanakwaya ataelewa kinachotokea. Katika mpango mmoja maarufu wa gitaa lenye nyuzi kumi, nyuzi kadhaa hutoa do, mi na so. Pedeli ya kwanza hupandisha so kuwa la. Ya pili hupandisha mi kuwa fa. Mpigaji akizikanyaga zote mbili, do-mi-so hugeuka do-fa-la, na kipande cha chuma hakijasogea hata milimita moja.

JARIBIO LA NDOO

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gitaa. Chukua uzi wa chuma wenye unene wa milimita 0.4 hivi, uzi wa pili wa gitaa unafaa. Funga ncha moja kwenye msumari ulio ukingoni mwa meza imara. Weka vijiti viwili vya mbao ngumu chini ya uzi, vikiachana sentimita 60. Pitisha ncha ya pili juu ya roda ndogo au bomba laini mwishoni mwa meza, kisha ning'iniza ndoo. Tandika gunia chini ya ndoo, wanafunzi wasiweke miguu hapo, na anayekung'uta uzi alinde macho yake.

Tia maji hadi ndoo na maji viwe na jumla ya kilo 2, kung'uta uzi, na usikilize. Ongeza hadi kilo 8. Mkazo umekuwa mara nne, nayo sauti imepanda oktava moja, kutoka karibu hezi 118 hadi karibu hezi 235. Sasa ongeza hadi kilo 9: sauti hupanda nusu toni, kama mi inapokwenda fa. Ongeza hadi kilo 10: imepanda toni nzima, kama so inapokwenda la. Simu yenye programu ya kupimia sauti itaonyesha karibu hezi 249 na hezi 263. Tofauti ndogo zitatokana na msuguano pale uzi unapopinda, na wanafunzi waulizwe wauonee wapi msuguano huo.

Jaribio hili linatupa picha ya kazi ya pedeli. Ili so iwe la, mkazo huongezwa kwa karibu asilimia 26, na mguu ukiinuka ni lazima urudi pale pale ulipokuwa. Ekseli ikilegea au wenzo ukilika kidogo tu, sikio litatambua.

SUMAKU INAYOSIKIA

Gitaa la umeme halina haja ya tumbo kubwa la mbao ili lisikike. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetema hubadili uga wa sumaku, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo katika koili. Ni kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ambayo pia huendesha mitambo ya kufua umeme.

Turudi basi kwa gitaa la stoo. Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele. Unyevu ukipenya, shaba hulika. Ukikatika mahali pamoja, mkondo hukoma. Mwanafunzi mwenye mita ya umeme aweza kupima ukinzani wa koili. Akipata omu elfu kadhaa, koili ni nzima, na tatizo litafutwe kwenye swichi, soketi au waya za kuunganishia. Ikiwa mita haionyeshi njia yoyote, koili imekatika, nayo yaweza kusukwa upya kwa subira.

Onyo moja ni la lazima. Vikuza sauti vya zamani vyenye vali hutumia volti mamia kadhaa, na kapasita zake huweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwanafunzi asivifungue. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

KWA NINI WENYE MAGITAA HUTAFUTANA

Mpaka hapa fizikia imetosha. Lakini mpe mtu gitaa la pedeli la miaka ya 1960, zima kabisa, na huenda asiweze kulipiga. Pedeli ipi inavuta uzi upi? Jibu halionekani kwa juu. Hata wapigaji wakubwa hawakukubaliana: Buddy Emmons na Jimmy Day walipanga pedeli zao kwa mfuatano uliogeuzwa, na hadi leo wapigaji hujitambulisha kwa mmojawapo wa mipangilio hiyo miwili. Magitaa mengine yalibadilishwa na wenyewe kwa kuongezewa nyenzo za magoti. Mwenye gitaa akifa bila kuacha mchoro, anayelirithi hupokea chuma na mbao. Maarifa yamekwenda kaburini.

Vipuri navyo ni shida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Emmons na Shot Jackson walikuwa wakiunda magitaa ya Sho-Bud mjini Nashville, na baadaye Emmons alianzisha kazi yake mwenyewe. Vyombo hivyo viliundwa kwa idadi ndogo, na mitambo yake ilibadilika mara kwa mara. Wenzo wa gitaa moja hauingii katika jingine. Kipuri kisipopatikana, ni lazima kichongwe upya, na ili kichongwe ni lazima kipimwe kutoka kwa chombo kilicho kizima cha mtu mwingine.

Ndiyo maana wenye magitaa haya walianza kutafutana. Kwa miongo kadhaa walikutana kila mwaka katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Walipiga muziki, lakini vile vile walibadilishana michoro ya pedeli, wakauziana vipuri, wakapeana majina ya mafundi. Hakuna mmoja aliyekuwa na maarifa yote, ila wote kwa pamoja walikuwa nayo. Sauti hiyo ilifika pia Afrika: katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, Demola Adepoju alilipiga gitaa la pedeli ndani ya muziki wa juju, na albamu yao ya mwaka 1982 iliisambaza duniani.

MAMBO YALIVYO KWETU

Tanzania ilikuwa na njia yake. Bendi zetu za mwanzo za dansi, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza miaka ya 1930, zilikuwa vilabu. Baada ya Uhuru, mashirika yalichukua jukumu hilo: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Aghalabu gitaa lilikuwa mali ya klabu au shirika, si ya mpigaji. Mpigaji akihama, gitaa lilibaki.

Utaratibu huo uliwawezesha vijana wasio na fedha kupiga vyombo vya thamani. Lakini ulikuwa na upungufu wake: chombo kilikuwa mikononi mwa mmoja na katika daftari la mwingine. Bendi ilipovunjika, daftari liliandika "gitaa moja". Halikuandika nyuzi zake zilikazwa vipi, wala koili ilisukwa na nani.

Kanda ya Ziwa yenyewe ina mfano wa jumuiya iliyofanya vizuri zaidi. Miongoni mwa Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na hushindana bado katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Mashindano huwalazimisha wanachama wajue ngoma ipi ina sauti gani, na kuwafundisha wadogo wao. Ngoma iliyo katika makumbusho ya Bujora huhifadhi umbo. Chama huhifadhi namna ya kuitia sauti.

Kwa nanga hali ni ya hatari zaidi, kwa sababu sauti yake haimo katika mti. Kamba ikilegezwa, mpangilio wake umepotea, ila kwa mwenye kuukumbuka. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, ukiwamo wa Wasukuma na Wahaya, alisafiri na uma za sauti ili apime ala kwa idadi ya mitetemo. Namba chache kama hizo zaweza kuirudishia nanga sauti yake.

KAZI KWA SHULE

Kazi hiyo haihitaji maabara kubwa. Kila shule yaweza kuwa na daftari la ala za mtaa wake: gitaa la kwaya, nanga ya babu, zeze la jirani. Kwa kila ala wanafunzi waandike, kwa ruhusa ya mwenyewe, mambo haya:

1. Urefu na unene wa kila uzi, kwa milimita.
2. Idadi ya mitetemo ya kila uzi ulio huru, kwa hezi, baada ya mwenye ala kuridhika na sauti yake.
3. Ukinzani wa koili, ikiwa ni gitaa la umeme.
4. Mchoro wa kila sehemu iliyobadilishwa au kutengenezwa, na jina la fundi kama linajulikana.
5. Maelezo ya mwenye ala: alifundishwa na nani, naye amemfundisha nani.

Kipengele cha tano kisiachwe kwa kudhaniwa si sayansi. Wenye ala wakishafahamiana kupitia daftari hilo, shule iwaalike siku moja, waje na vyombo vyao. Mwenye koili iliyokatika atakutana na anayejua kusuka. Aliyesahau mpangilio wa nanga atakutana na anayeukumbuka. Na ianzwe na wazee, kwa maana urefu wa uzi utapimika hata mwakani.