Rangi ya Kufuatia Chembe Nyeupe Ubongoni

Mkazi wa Ngara akirudi kutoka Siaya na homa, huenda kupimwa: anadungwa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Mtaalamu wa maabara huhesabu vimelea vya malaria sambamba na chembe nyeupe za damu. Zikifika 200 anapiga hesabu, akichukulia kuwa mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika kila maikrolita. Kipimo hicho kinatosha kuanzisha matibabu. Hata hivyo, kila kilicho kwenye kioo kimekwisha kufa, na katika malaria ya ubongo swali ni chembe nyeupe zilikuwa zikienda wapi.

Kuziona zikitembea kunahitaji panya aliye hai. Anaambukizwa Plasmodium berghei, kimelea cha malaria kilichogunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948, kwa panya wa porini. Akishalala kwa dawa, fuvu lake hukwanguliwa hadi libaki jembamba, au hutobolewa na kuwekwa kidirisha cha kioo. (Kulitoboa ni jeraha, na jeraha lenyewe huita chembe nyeupe, kwa hiyo mtafiti makini husubiri litulie kwanza.) Hadubini ya fotoni mbili, iliyoelezwa na Denk, Strickler na Webb mwaka 1990, hupenya ndani ya ubongo kwa mwanga wa infraredi.

Bado chembe zenyewe lazima ziwake. Njia rahisi ni kudunga rodamini 6G mshipani. Rangi hii hunaswa na mitokondria, na kwa kuwa chembe nyekundu za mamalia hazina mitokondria, hubaki gizani huku nyeupe zikimeremeta. Tatizo ni kwamba chembe sahani na kuta za mishipa nazo huwaka.

Kingamwili zilizobandikwa rangi huchagua vizuri zaidi: ile inayoshika protini ya Ly6G hutambulisha neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, peke yake. Lakini kingamwili haishiki chembe bila kuiathiri. Nyingine, RB6-8C5, hudungwa makusudi ili kuangamiza neutrofili. Dozi ndogo ni taa, kubwa ni sumu. Ndiyo maana mimi huwaamini zaidi panya waliozaliwa na jeni ya protini ing'aayo kijani, protini aliyoitoa Osamu Shimomura kwenye kiwavi wa baharini (jellyfish) mwaka 1962, ingawa kuwalea ni gharama.

Filamu zilizopigwa kwa hadubini hiyo zilionyesha chembe nyeupe ziitwazo seli T za CD8 zikikwama kwenye mishipa ya ubongo wa panya. Wengi walipinga: kwa mtoto, walisema, mishipa huzibwa na chembe nyekundu zenye vimelea. Mwaka 2020 uchunguzi wa ubongo wa watoto waliofariki Malawi ulizikuta seli hizohizo mishipani. Mtoto aliye hai hafunguliwi fuvu kwa utafiti, kwa hiyo panya bado anahitajika.