Tusimketishe Bibi Siku Nzima: Misuli ya Mzee Yataka Kazi na Chakula

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya nguvu za wazee wetu. Tuanze na kisa kimoja tulichokiona hospitalini.

Bibi mmoja wa miaka 76 aliletwa kwetu akiugua nimonia. Alilazwa, akatibiwa, akapona. Aliporudi nyumbani, watoto wake walikubaliana kwamba mama sasa apumzike. Asiteke maji, asifagie, asiende shambani. Chakula alipelekewa pale alipoketi. Baada ya miezi mitano aliletwa tena. Safari hii hakuwa na homa wala kikohozi, lakini hakuweza kuinuka kitini bila kuvutwa mikono yote miwili, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameanguka akienda chooni. Kijana wake aliyeko mjini alikuwa amekwisha kutuma makopo ya unga wa protini na vidonge vya kuongeza nguvu. Nyumbani mbuzi wawili walikuwa wameuzwa ili kununua vingine. Bibi alivitumia kila siku kama alivyoelekezwa, lakini nguvu hazikurudi.

Watoto wale walimpenda mama yao, na hatukuwalaumu. Lakini heshima yao ilimketisha, na kuketi ndiko kulikommaliza nguvu.

MISULI HUPUNGUAJE?

Misuli ni ile nyama inayovuta mifupa ili tuweze kusimama, kutembea, kubeba na hata kupiga magoti na kuinuka tena kanisani. Mtu akishapita miaka ya thelathini na arobaini, misuli huanza kupungua polepole, na akipita sitini hupungua kwa kasi zaidi. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliupa upungufu huo jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu.

Uzee wenyewe ni sababu mojawapo, na huo hatuwezi kuuzuia. Lakini ziko sababu nyingine: kukaa bila kazi, kula kidogo, na kulala kitandani kwa muda mrefu. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2007, wazee 12 wenye afya nzuri, wa wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao walikuwa wazima. Basi, mzee mgonjwa atapoteza kiasi gani?

JE, MAKOPO NA VIDONGE VYASAIDIA?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Tunapenda kulijibu kwa kueleza kazi iliyofanywa katika mji wa Boston, Marekani, na daktari Maria Fiatarone pamoja na wenzake.

Mwaka 1990 walitangaza habari za wazee 10 waliokaribia au kupita miaka 90, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Wazee hao walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Kwa wale waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia mikongojo.

Mwaka 1994 walitangaza utafiti mkubwa zaidi. Safari hii walikuwa wazee 100, wa wastani wa miaka 87, waliogawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya kuinua uzito mara tatu kwa juma. La pili lilipewa kila siku kinywaji cha lishe chenye protini ya soya, bila mazoezi hayo. La tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata mazoezi hayo wala kinywaji hicho. Baada ya majuma 10, waliofanya mazoezi waliongeza nguvu za misuli kwa asilimia 113, nao walitembea kwa kasi zaidi na kupanda ngazi kwa nguvu zaidi. Wasiofanya mazoezi waliongeza asilimia 3 tu. Kinywaji peke yake hakikuondoa udhaifu wao.

Tena lilionekana jambo lingine la kutufundisha. Jumla ya chakula iliongezeka kwa wale tu waliopata kinywaji na mazoezi pamoja. Msuli unaofanya kazi huomba chakula. Msuli uliolala hauna haja nacho, hata ukinunuliwa makopo kumi.

Hatusemi kwamba virutubisho vya ziada ni vibaya. Mzee aliyekonda sana, au anayeshindwa kula baada ya ugonjwa, aweza kusaidiwa navyo kwa ushauri wa daktari. Vitamini D humfaa yule aliyepungukiwa nayo. Lakini anayewaambia kwamba chupa moja itarudisha ujana bila mzee kuinuka kitini, huyo anatafuta fedha zenu.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawashauri wazee kufanya mazoezi ya nguvu walau siku 2 kwa juma, na mazoezi ya kujiimarisha wasianguke siku 3. Si lazima kuwa na vyuma. Haya yafuatayo yawezekana katika kila nyumba:

1. Kuinuka kitini. Tumieni kiti imara, kiegemee ukuta. Mzee ainuke polepole, kisha aketi polepole bila kujitupa. Akishindwa, wekeni mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, au ashike meza. Aanze na mara 5, aongeze hadi 10, apumzike, kisha arudie.

2. Kunyoosha goti. Akiwa ameketi, anyooshe mguu mmoja mbele, auzuie kidogo, kisha aushushe. Akizoea, mfungieni kifundoni soksi yenye mchanga, na mchanga uongezwe kidogo kidogo.

3. Kusimama kwa vidole. Ashike meza, ainue visigino, kisha avishushe taratibu.

4. Kusukuma ukuta. Asimame hatua moja kutoka ukutani, aweke viganja ukutani, akunje viwiko na kujisukuma tena nyuma.

5. Kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza, na mtu akiwa karibu naye.

Siri iko katika kuongeza. Zoezi likiwa jepesi, ongezeni uzito au idadi. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi: kufagia, kupalilia bustani, kubeba ndoo ndogo, kutembea hadi kwa jirani.

CHAKULA CHA KUJENGA MWILI

Wazee wengi hushinda kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Hicho hutia nguvu kidogo, lakini hakijengi misuli. Wataalamu wa lishe ya wazee walipendekeza mwaka 2013 kwamba mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mzee wa kilo 50, hizo ni gramu 50 hadi 60.

Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na konzi moja ya karanga gramu 7. Hapo tumekwisha kupita nusu ya hitaji lake bila kufungua kopo lolote. Ugali, dagaa, kunde, mbaazi, choroko, samaki na mtindi vitakamilisha. Yafaa vigawanywe katika milo yote ya siku, visingoje cha jioni. Asiye na meno apondewe maharage, atwangiwe dagaa, na apikiwe uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa.

TAHADHARI

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, ngiri au maumivu makali ya viungo aonwe kwanza na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini bila ushauri. Wakati wa kuinua uzito mzee asizuie pumzi. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache mara moja na apelekwe hospitalini. Na ye yote anayekonda bila sababu achunguzwe, kwa maana si kila udhaifu ni uzee.

TUREJEE KWA BIBI

Bibi yule alichunguzwa, na kwa bahati nyonga haikuvunjika. Tulimwanzisha kuinuka kwenye kiti kirefu chenye mto, mara tatu tu, mjukuu wake akimhesabia. Fedha za makopo zilianza kununua mayai na dagaa. Baada ya miezi mitatu aliinuka kitini peke yake, na usiku aliweza kwenda chooni bila kuamsha mtu. Mkongojo bado anao, na kigoda cha jikoni bado kinamshinda. Lakini alidai arudishiwe ufagio wake, naye akarudishiwa.

Ndugu wasomaji, tuendelee kuwaheshimu wazee wetu. Tuwabebee mizigo mizito na tuwaondolee hatari ya kuanguka. Lakini zile kazi ndogo wanazoziweza tusiwanyang'anye. Leo hii, kabla hamjatuma fedha za kopo jingine, mwombeni Babu au Bibi ainuke kitini bila kushikwa. Akishindwa, mleteni tumwone, na kesho yake aanze mazoezi.