Mtoto Asiyelala na Kitanda Chake

Wasomaji wetu, hasa ninyi wenye watoto wachanga, na ninyi walimu mnaoulizwa mambo haya kila mzurupo nyumba za Wakristo: mwezi huu twataka kunena juu ya mtoto asiyelala. Kila kijiji chamjua. Mgongoni mwa mamaye, ndani ya mbeleko, hulala vizuri. Akiwekwa kitandani tu, huamka na kulia. Ndipo majirani wanapoleta kila mmoja shauri lake. Wa kwanza husema ni mchango, wa pili husema ni jicho baya, wa tatu huleta mto. Haipiti wiki moja kitanda kimejaa vitu hata mwenye kitanda hana nafasi.

Sisi twasema kwamba kitanda chema cha mtoto ni kile kilicho kitupu.

Tuanze na namna ya kumlaza. Alazwe chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Wazee wengi huliogopa jambo hili, wakidhani atapaliwa na maziwa anayocheua. Hofu hiyo si ya wajinga, maana hata waganga wa nchi kubwa walikuwa nayo. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 na kusomwa na wazazi wengi sana, katika matoleo yaliyofuata alishauri watoto walazwe kifudifudi kwa sababu iyo hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba waliolazwa hivyo ndio waliozidi kukutwa asubuhi wamekufa, pasipo ugonjwa uliojulikana. Uingereza na New Zealand zikaanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na Marekani mwaka 1994. Huko Marekani vifo vya namna hiyo vikapungua kupita nusu katika muda wa miaka kumi. Na kuhusu kupaliwa, umbo la koo lenyewe lajibu. Mtoto alalapo chali, njia ya pumzi iko juu na njia ya chakula iko chini yake, basi maziwa yarudiyo hushuka tena tumboni. Alalapo kifudifudi mambo hugeuka, nayo maziwa huweza kukusanyika mlangoni pa pumzi.

Godoro liwe gumu kiasi, sawasawa, lienee kitanda chote pasipo mwanya pembeni. Godoro la sufi lililo laini hubonyea, na uso wa mtoto hutumbukia humo. Shuka moja, iliyokazwa chini ya godoro, yatosha. Mto haumfai kabla ya mwaka mmoja; hata katika habari za ile hori ya Bethlehemu hatukusoma kwamba palikuwa na mto. Nanyi mnaomwagiza seremala kitanda, mwambieni nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kwa kuwa penye nafasi kubwa kiwiliwili hupenya na kichwa husalia.

Hapa tuna neno ambalo huenda likawaudhi wengine. Hirizi tuliziacha tulipobatizwa. Walakini katika nyumba kadha wa kadha twaona rozari au msalaba wenye uzi umefungwa shingoni mwa mtoto, ama kutundikwa penye fito za kitanda, na Biblia imetiwa kando ya kichwa chake ili asiote ndoto mbaya. Nia yao ni njema. Lakini uzi hauulizi umebeba nini. Hukaza shingo vilevile. Na Kitabu hicho kiliandikwa ili kisomwe. Kiwekwe rafuni, baba akisome kwa sauti jioni, mtoto akisikia.

Walimu wafundishao hukumu ya Sulemani, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, aghalabu hupita upesi penye chanzo cha shauri lile, yaani kwamba mama mmoja alimlalia mwanawe usiku, akafa. Twamkumbuka kwa udanganyifu wake. Lakini kabla ya hayo alikuwa mama aliyelala usingizi tu. Kwa hiyo kitanda cha mtoto kiwe chumbani mwa wazazi, karibu hata mama amfikie kwa mkono, kwa miezi 6 ya kwanza walau. Twajua nyumba nyingi zina kitanda kimoja. Basi hapo hatari huzidi sana ikiwa mmoja wa wazazi amekunywa pombe, au avuta tumbako, au amemeza dawa ya kuleta usingizi, au mtoto alizaliwa kabla ya siku zake.

Sasa, mbona halali? Mtoto aliyezaliwa juzi hulala kama saa 14 hata 17 kwa siku, ila kwa vipande vipande, kwani tumbo lake ni dogo, naye huona njaa kila baada ya saa 2 au 3. Huo si ugonjwa. Apewe ziwa, na ziwa peke yake mpaka miezi 6. Mchana awe penye mwanga na sauti za watu. Usiku taa iwe hafifu na maneno machache. Kila jioni mambo yafuatane kwa utaratibu mmoja: kuoga, kunyonya, kucheua, wimbo, kitanda, awekwe humo akisinzia, kabla hajazama usingizini. Asipewe asali kabla ya mwaka mmoja, wala pombe hata tone, wala dawa za miti.

Kilio huzidi kwenye wiki ya 6, kisha hupungua miezi 3 au 4 ikitimia. Mama akiona hasira yampanda, amlaze chali kitandani, atoke nje kidogo, amwite mumewe. Nanyi akina baba, itikeni. Mtoto asitikiswe kamwe, maana ubongo wake huumia. Akiwa na homa, au akikataa ziwa, au akihema kwa shida, apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Jiko la mkaa lisilale chumbani hata wakati wa baridi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu. Kujua kama ana joto, mguseni kifuani, si mikononi. Chandarua chenye dawa kitandazwe na kukazwa chini ya godoro pande zote, kisimwangukie usoni. Na aanzapo kuketi, godoro lishushwe chini kabisa, kabla hajajifunza kushika fito na kusimama.