Neno "kuridhika" katika kipimo cha maisha ya mgonjwa wa skizofrenia

Ubora wa maisha ya mtu mwenye skizofrenia unaweza kupimwa kwa njia mbili. Katika kipimo cha Heinrichs na wenzake, kilichotolewa Marekani mwaka 1984, daktari anamhoji mgonjwa, kisha daktari mwenyewe ndiye anayetoa alama. Katika dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, WHOQOL-BREF, lenye maswali 26, mgonjwa anajijibia. Njia hii ya pili inampa sauti, ila sauti yenyewe inapitia katika maneno tuliyomchagulia sisi.

Maswali kadhaa ya dodoso hilo yanauliza mtu ameridhika kiasi gani na usingizi wake, na msaada wa marafiki, na mahali anapoishi. Jibu linapewa alama 1 hadi 5. Sasa tukitazame kitenzi kuridhika. Ni ndugu wa radhi na ridhaa: kinabeba maana ya kutosheka, lakini pia ya kukubali. Mtu aliyefichwa chumba cha uani miaka mingi, hata akaacha kutamani kwenda sokoni, anaweza kujibu bila uongo wowote, "Nimeridhika sana," akaandikiwa 5. Karatasi itasema anaishi vizuri.

Kurudisha tafsiri kwenye lugha ya kwanza, njia ya kawaida ya kukagua madodoso, hakutafichua kosa hilo, maana neno litarudi Kiingereza likiwa safi kabisa. Mimi ningejaribu "unafurahia", halafu, kabla ya kuhesabu chochote, ningemwomba mgonjwa anieleze swali amelielewaje.