Mbuzi ya Nazi Iliyozaliwa Longbridge

Nilipofika mwaka wa pili wa masomo ya usanifu wa vifaa, niligundua jambo lililoninyima raha: kila kitu nilichowahi kutengeneza kilikuwa kazi ya mwalimu. Taa, kiti, sanduku la vikombe. Vyote vilipata alama, vyote vikaishia chini ya kitanda. Hakuna hata kimoja ambacho mtu alikuwa anakihitaji.

Basi likizo ya Krismasi, nikiwa nimebaki kwenye chumba changu cha kupanga hapa Longbridge, kusini-magharibi mwa Birmingham, nikaamua kujitengenezea mbuzi. Si mbuzi wa pilau, jamani. Mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zinapatikana soko la Bull Ring, ila kuzikwangua kwa kijiko ni adhabu. Na tui la kopo, wenzangu wa pwani mnanielewa.

Chuma chenye meno nililetewa na shangazi kutoka Tanga, kimefungwa ndani ya kanga. Vilivyobaki nikajitafutia: plaiwudi ya milimita 18, msumeno wa mkono, msasa, gundi. Nilichora kwenye kompyuta kwa siku mbili. Mchoro ulipendeza mno, mbao mbili zimepishana kama mkasi, kila pembe imelainishwa. Nikakata, nikaunga, nikakaa, nikaanza kukuna. Nilipokandamiza nazi mara ya kwanza, miguu ya nyuma iliinuka nami nikaenda mbele, kifuu mkononi. Mwenzangu wa jikoni alicheka hadi akakaa sakafuni.

Nikampigia mama kwa video. Baada ya shikamoo akaniambia niikalie aone. Akatazama kidogo.

"Mbona umekaa kama uko ofisini? Mbuzi haishikwi, mwanangu, inakaliwa."

Kosa lilikuwa langu tangu kwenye mchoro. Niliipa kimo cha kiti, sentimita 40, kwa sababu kiti ndicho nilichofundishwa kuchora. Kwa kimo hicho nilikuwa nimejiinamia mbele, na chuma kilichomoza mbali kupita mguu wa mbele. Ukikandamiza hapo unainua nyuma kama bembea. Mbuzi hutulizwa na uzito wa anayeikalia, na uzito huo lazima uwe nyuma ya mguu wa mbele. Nilikuwa nimesanifu mbao nikamsahau mkunaji.

Nikaanza upya, safari hii kwa kadibodi na futi ya cherehani. Nilijipima mimi: kimo cha goti nikichuchumaa, umbali wa mkono hadi kwenye sinia. Nilitengeneza tatu za kadibodi kabla ya kugusa msumeno tena.

Gundi ya mbao huachwa usiku kucha ikauke, na jioni hizo nilikuwa natembea Austin Park. Mtaa huu wote ulikuwa kiwanda cha magari, kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ilianguka na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Leo pana nyumba, maduka na chuo. Hadithi ya hapa ninayoipenda ni ya mwaka 1921. Kampuni ilikuwa taabani kwa madeni, na wakurugenzi hawakulitaka wazo la Austin la gari dogo. Akalipeleka nyumbani kwake, Lickey Grange. Alimchukua mchoraji mmoja wa kiwandani, Stanley Edge, kijana wa miaka 18, wakalichora kwenye chumba cha biliadi. Austin akatia pesa zake mwenyewe. Gari hilo, Austin Seven, lilitoka 1922, na hadi 1939 yalishatengenezwa kama 290,000. Miaka 18! Mdogo kuliko wengi wetu chamani.

Alec Issigonis naye, kabla ya kusanifu Mini iliyotoka 1959 na kutengenezwa hapa hapa Longbridge, alitumia muda wake wa ziada miaka ya 1930 kuunda gari la mashindano na rafiki yake George Dowson, kwa vifaa vya mkono tu. Walitumia springi za mpira. Mini nayo ikaja na springi za mpira. Sisemi mbuzi yangu itafika huko.

Ya pili ina kimo cha sentimita 18, na miguu yake imetanuka zaidi. Haipendezi kama mchoro wa kwanza. Upande mmoja msumeno ulinipotea na nimeuacha hivyo hivyo. Lakini haitikisiki. Wali wa nazi mliokula kwenye mkutano wetu wa Februari ulitoka kwake, nazi nne kwa kikao kimoja. Bolti ya katikati bado inalegea ikifika nazi ya tatu, kwa hiyo nimeagiza nati ya kuibana. Anayetaka vipimo aniombe, ila ajue nitampima yeye kwanza.