Nusu ya boneti inasema kweli kuliko kopo

Mwezi wa Julai, gari la Gahanga, pembezoni mwa Kigali, halisumbuliwi na jua peke yake. Barabara ya Nyamata ni ya lami, lakini njia nyingi zinazochepuka kwenda majumbani ni za udongo mwekundu, na vumbi lake lina chembe za mchanga ngumu kuliko rangi ya gari. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu, unaisaga rangi. Ile mikwaruzo ya duara inayojitokeza juani huanzia hapo.

Kinachokwaruzwa ni klia, laki angavu inayofunika rangi. Kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, chini ya unene wa unywele, na kila polishi kali huipunguza. Nta na silanti, kinga zinazopakwa juu ya klia, hazimfidii mwoshaji mwenye haraka. Kazi ya kinga hizo ni kuzuia uchafu usigande, ili maji yauondoe kabla mkono haujagusa.

Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazili, huipa rangi nyeusi mng'ao wa kupendeza, lakini kwa gari linalolala nje huisha mapema. Silanti za polima hung'aa kwa ubaridi zaidi na huvumilia miezi. Kinga ya keramiki hukaa zaidi ya hapo, ila sehemu kubwa ya gharama yake ni kuiandaa rangi. Anayekuahidi kwamba haitakwaruzika kamwe anakuuzia maneno. Kwa gari la kila siku, linaloegeshwa juani, silanti nzuri inatosha.

Silanti ipi sasa? Boneti ndiyo maabara, kwa kuwa hupata jua kutoka juu na joto la injini kutoka chini. Ioshe, isugue kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, kisha uipanguse kwa spiriti ili mabaki ya nta ya zamani yatoke. Igawe kwa utepe wa karatasi: bidhaa moja kushoto, nyingine kulia, na katikati ukanda usiopakwa kitu. Ukanda huo mtupu ndio watu wengi husahau, na bila huo hujui kama bidhaa imefanya kazi au mvua ndiyo iliyoosha. Paka kivulini, bati likiwa limepoa.

Matone ya maji ya mviringo juu ya boneti yasikulevye. Utando wa vumbi huyafuta hata kinga ikiwa bado ipo. Osha kwa shampuu ya gari kisha utazame tena. Pia tone linalotuama juani hukauka na kuacha doa, kwa hiyo bidhaa inayoteremsha maji kwa pamoja huenda ikakufaa zaidi. Kigezo kizuri zaidi ni vumbi: mwaga maji bila kugusa, uone upande upi umebaki mchafu. Kinyesi cha ndege kioshwe siku hiyohiyo. Hakuna nta itakayokizuia kuichoma klia kikiachwa juani.

Jaribio lianze mwishoni mwa Mei, lipitie kiangazi chote, na lipimwe mvua za Septemba zinapoanza.